Dizeli au petroli kwa kuvuta tela la mashua

Ndugu yangu uliyeuliza gari lipi litafaa kuvuta tela la mashua hapa Malindi, mimi ningechagua la dizeli, kwa kuwa injini yake hutoa nguvu kubwa ya kuvuta hata ikizunguka polepole, na hiyo ndiyo utakayoihitaji unapoipandisha mashua ufuoni huku magurudumu yamezama mchangani. La petroli hulazimika kuzungushwa kwa kasi, nalo likibebeshwa mzigo hunywa mafuta bila huruma. Hata hivyo, ikiwa safari zako nyingi ni za kwenda sokoni tu, chujio la masizi katika dizeli za kisasa huziba lisipopata mwendo mrefu, kama wa kwenda Mombasa. Mashua ipimwe uzito pamoja na tela na mafuta yake kabla hujanunua gari, ujue litavuta mzigo gani.