Si Kila Kirefu ni Mnyoo: Majibu ya Barua Zenu

Nilipoandika kuhusu minyoo wa baharini wenye pingili, wale ambao wanasayansi huwaita polikaeti, sikutarajia barua nyingi. Kutoka Kigoma hadi pwani ni zaidi ya kilomita elfu moja za reli. Lakini mmeuliza, kutoka Ujiji, Kasulu, Uvinza mpaka Tabora, na nimefurahi. Maswali yanayofanana nimeyajibu mara moja.

Mwalimu, shikamoo. Kitini chetu kinasema faila ya Anelida, yaani kundi kubwa la minyoo wenye pingili, ina ngeli tatu: Polikaeta, Oligokaeta na Hirudinea. Kaka yangu aliyeko chuo anasema mgawanyo huo umekufa. Kwenye mtihani niandike nini? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Kasulu)

Marahaba. Kwenye mtihani andika ngeli tatu kama kitini kinavyosema, maana msahihishaji ana mwongozo wake na wewe unahitaji alama. Ukishatoka kwenye chumba cha mtihani, mwamini kaka yako.

Jina la faila lilitolewa na Lamarck mwaka 1802. Jina la Polikaeta lilikuja mwaka 1850 kwa Mjerumani Grube. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: wenye nywele ngumu nyingi ni polikaeti, wenye nywele chache ni oligokaeti, yaani nyungunyungu na wenzake, na wasio nazo ni ruba. Ukitaka kuziona nywele hizo huhitaji hadubini. Chukua nyungunyungu mkubwa, mfute tope, mweke juu ya karatasi kavu ya daftari, kisha tega sikio. Anapotambaa utasikia mkwaruzo mdogo, kama mtu anayekuna kitambaa kwa ukucha. Ni nywele nane kwa kila pingili, jozi nne. Sasa fikiria mnyama ambaye kila pingili yake imetoa vipande viwili vya nyama kama makasia, kimoja kila upande, na kila kipande kimebeba fungu zima la nywele. Huyo ndiye polikaeti wa kawaida.

Kosa halikuwa kuhesabu nywele. Kosa lilikuwa kudhani kwamba nywele zinaonyesha ukoo. Mwaka 1997 Greg Rouse na Kristian Fauchald walijaribu kuwapanga upya kwa viungo vya mwili, na bado nyungunyungu akabaki nje. Mwaka 2011 kundi la Torsten Struck likalinganisha vinasaba, na picha ikabadilika. Makundi mawili ya zamani, ambayo Mfaransa Quatrefages aliyatumia katika miaka ya 1860, yakarudi: Errantia, wanaotembea wakiwinda, na Sedentaria, wanaokaa kwenye mashimo na mirija. Nyungunyungu na ruba wakaonekana ndani kabisa ya Sedentaria. Kwa hiyo kusema polikaeti huku na nyungunyungu kule ni sawa na kuhesabu ukoo ulioanzia Manyovu, ukawaandika waliobaki kijijini tu, halafu wajukuu waliohamia Dar es Salaam ukawaita kabila jingine kwa sababu wamebadilisha mavazi. Nyungunyungu ni mjukuu wa bahari aliyehamia nchi kavu na kupunguza nywele. Ruba naye akazipoteza karibu zote.

Wapo pia waliokuwa na faila zao wenyewe na sasa wamerudishwa nyumbani. Ekiura, wanyama laini wasio na pingili hata moja wakiwa wakubwa, nao ni anelidi. Na mnyama aitwaye Riftia, wa chemchemi za moto za kilindini, aliyegunduliwa karibu na Galapagos mwaka 1977, hana mdomo wala utumbo. Analishwa na bakteria wanaoishi mwilini mwake. Huyo naye aliwahi kupewa faila, kumbe ni wa ukoo huu huu.

Vitini vinavyonakiliwa mwaka hadi mwaka bila mtu kusoma kitu kipya vinawachelewesha watoto wetu. Walimu wenzangu, ongezeni aya moja tu.

Polikaeti wako wa aina ngapi? (Wasomaji watatu, kwa nyakati tofauti)

Spishi zaidi ya 10,000 zimeshapewa majina, katika familia zaidi ya 80, na wapya bado wanaongezwa kila mwaka.

Jongoo bahari naye ni polikaeti? (Msomaji, Tabora)

Hapana. Hili nimelijibu mara nyingi mno. Jongoo bahari ni jamaa wa kiti cha pweza na urchini, si mnyoo na si jongoo. Jina la mtaani halitoshi kukuonyesha ukoo.

Mwalimu, mtoto wangu ana minyoo na anapenda kuogelea ziwani. Je, inawezekana ni hao wa majini unaowaandika? (Mama wa watoto wawili, Mwanga)

Dada yangu, hapana. Hakuna polikaeti anayeishi tumboni mwa mtoto. Mnyoo mrefu mweupe anayetoka chooni ni askarisi, yaani wa faila ya minyoo duara wasio na pingili. Tegu ni mnyoo bapa. Hizi ni faila tatu tofauti, na umbali kati yao ni mkubwa kuliko umbali kati yako na samaki, maana wewe na sangala wote ni wa faila moja.

Lakini umetaja kuogelea, na hapo siwezi kunyamaza. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono kuna kichocho, na kichocho huletwa na mnyoo bapa pia, anayepenya kwenye ngozi. Dawa ya albendazole unayonunua duka la dawa kwa ajili ya minyoo ya tumbo haiponyi kichocho. Kichocho kina dawa yake, praziquantel. Ukiona damu kwenye mkojo au kwenye choo cha mtoto, usimpe dawa ya minyoo kisha ukangoja. Mpeleke kupima. Neno letu moja, minyoo, limewafanya wazazi wengi kutoa dawa isiyohusika.

Wazee walituambia Ziwa Tanganyika liliwahi kuungana na bahari, ndiyo maana lina konyeza. Kama ni kweli, mbona hatuoni minyoo wa baharini kwenye nyavu? (Mvuvi mstaafu, Ujiji)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako lina zaidi ya miaka mia moja, na limeniweka macho usiku.

Konyeza wa ziwa letu, wale wadogo wenye upana wa sarafu wanaopita kwenye maji kama vipande vya kioo, waliripotiwa na Mjerumani Richard Böhm mwaka 1883. Pia kulikuwa na konokono wenye magamba mazito na miiba, wanaofanana mno na wa baharini. Mwingereza John Moore, huyu huyu ambaye pamoja na Farmer mwaka 1905 walileta neno meiosisi mnalolikariri shuleni, alifika ziwani mara mbili katika miaka ya 1890 na akashikilia kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichofungiwa ndani ya bara.

Alikosea, na alikosea kwa sababu ile ile ya kuhesabu nywele: aliona kufanana, akasema undugu. Ziwa limetokana na ardhi kupasuka na kudidimia kwenye bonde la ufa, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Konokono wake wametokana na konokono wa maji baridi, wakajijengea magamba magumu humu humu ziwani, ambamo kaa wanaovunja magamba ni wengi. Konyeza wa maji baridi nao wapo kwingine duniani.

Kuhusu minyoo, polikaeti wachache sana wameweza maji baridi, hawafiki spishi mia mbili. Ziwa Baikal la Urusi wanaye mmoja maarufu, Manayunkia, mdogo wa milimita chache, anayejenga mrija wa tope na kutandaza taji la manyoya kichwani. Tope la Tanganyika limejaa wale wajukuu: jamaa wa nyungunyungu na ruba. Ukiwaona hao, umeuona ukoo.

Na hata polikaeti wangefika, wasingekaa kilindini. Baharini, kwenye kina cha mita 1,470 ambacho ndicho kina cha ziwa letu, tope limejaa polikaeti, na wapo hata kupita mita 6,000. Kwetu oksijeni inaishia kati ya mita 100 na 200 hivi, kwa sababu maji ya chini hayachanganyiki vizuri na ya juu. Chini ya hapo hakuna mnyoo wala samaki anayeweza kupumua. Wanaotupa taka ziwani wakidhani kilindi kitazimeza wajue kwamba sehemu yenye uhai ni tabaka jembamba la juu tu. Dagaa, migebuka na sisi sote tunategemea tabaka hilo.

Nimekutumia picha. Huyu ni nani? (Wasomaji sita)

Sijui, na hakuna anayeweza kujua kwa picha yenye ukungu ya kitu cheusi kwenye kiganja. Niambie umemtoa wapi, kwenye maji au tope, ana urefu gani, ana pingili kama muwa au ni laini mwili mzima, ana vimiguu au kikombe cha kunyonyea. Bila hayo usinitumie picha.

Kweli kuna watu wanakula minyoo ya baharini? (Mchuuzi wa dagaa, Kibirizi)

Kweli, na wewe utaelewa kuliko wengine, kwa sababu unaishi kwa kuhesabu mwezi. Hapa kwetu mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, maana taa haivuti dagaa. Kule Samoa, visiwani kwenye bahari ya Pasifiki, watu hungoja robo ya mwisho ya mwezi, Oktoba au Novemba, wamwinde palolo. Huyu anaishi mwaka mzima ndani ya mashimo ya matumbawe. Wakati ukikaribia, sehemu yake ya nyuma hujaa mayai au mbegu, hujikata, na kupanda juu ya maji bila kichwa, ikiogelea yenyewe. Bahari inachafuka kwa nyuzi za kijani na za kahawia. Watu huingia na vyandarua na vikapu kabla ya jua kutoka, kwa sababu asubuhi vipande hivyo hupasuka na kumwaga mayai. Kichwa hubaki salama shimoni na kuotesha mkia mwingine.

Wale wanaocheka chakula cha wenzao wakumbuke kwamba senene na kumbikumbi tunawagombania.

Likizo nilikwenda Dar, nikaokota kidudu chekundu chenye manyoya meupe pembeni. Vidole viliwaka moto siku mbili. (Mwanafunzi, Uvinza)

Uliokota polikaeti wa familia ya Amphinomidae. Yale manyoya meupe ni nywele ngumu zinazovunjika ndani ya ngozi. Usipikiche. Bandika plasta au selotepu, ibandue polepole, zitatoka nayo. Mkono ukivimba sana au ukipumua kwa shida, nenda hospitali. Kitu kilaini kinachotembea polepole mchana kweupe bila kujificha kina sababu ya kutoogopa, kwa hiyo kiangalie tu.

Nasikia kuna dawa ya mpunga iliyotokana na mnyoo wa baharini. Basi haina madhara, si ni ya asili? (Mkulima)

Ya kwanza kweli, ya pili hapana. Wajapani waligundua kwamba nzi waliotua juu ya mzoga wa mnyoo fulani wa chambo walikufa. Sumu yake ilitengwa mwaka 1934, na kwa kuiga umbile lake viwanda vikatengeneza kiuatilifu kiitwacho cartap. Hiyo ni sumu kali kwa samaki. Usioshee bomba la kupulizia mtoni. Na wale wanaotia sumu majini ili waokote samaki wanauza sumu kwa majirani zao.

Nikipata ruba au mnyoo wa ajabu kwenye tope la ziwa, nimhifadhi vipi? (Mwalimu wa sekondari)

Usimtumbukize moja kwa moja kwenye spiriti, atajikunja awe kama punje ya maharage na hatafaa kuangaliwa. Mweke kwenye kisahani chenye maji ya ziwa, ongeza spiriti tone moja moja hadi ukimgusa asijibu, ndipo umnyooshe na kumhamishia kwenye chupa yenye spiriti nzito. Andika mahali, kina na tarehe kwenye kikaratasi kigumu, kwa penseli, si kalamu, kwa sababu wino huyeyuka. Kikaratasi kiingie ndani ya chupa pamoja na mnyama. Kisha niite, nitakuja na lenzi.