Kuhusu kuinamia miguu ya guru

Binti yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa jikoni na wali ukashika chini, kwa hiyo lawama za baba yako zije kwako. Unasema mwenzako wa chumbani amekualika kwao siku ya Guru Purnima. Atakuja mzee mmoja, ataoshwa miguu, na nyumba nzima, hata bibi yao, itainama kuigusa. Unaniuliza kama watu hawa wanamwabudu binadamu. Halafu unauliza kama ni kweli, kama alivyokuambia rafiki yako, kwamba asiye na guru, yaani mwalimu wake wa kiroho, hamfikii Mungu.

Nilikaa hapo Pune, India, miaka minne kabla hujazaliwa, mpangaji kwa mjane mmoja tuliyemwita Aji, yaani bibi kwa Kimarathi. Nilikwenda Mwislamu nikarudi Mwislamu. Basi ninayokueleza ni ya jirani aliyekuwa akichungulia, si ya mwenye nyumba.

Guru Purnima ni siku ya mwezi mpevu wa Ashadha, mmoja wa miezi ya kalenda ya Kihindu, na kila mtu humkumbuka aliyemfundisha. Huitwa pia siku ya Vyasa, yule ambaye Wahindu wanasema ndiye aliyezipanga Veda, maandiko yao matakatifu ya kale. Neno lenyewe, guru, kwa Kisanskriti ni "mzito". Wengine hulipasua vipande viwili, giza na mwenye kuliondoa, na masimulizi hayo utayasikia sana siku hiyo.

Lakini ukitaka kujua guru ni nani kwa watu wa huko uliko, muulize rafiki yako habari za Gora mfinyanzi. Aji alinisimulia jioni moja umeme umekatika, akichambua dengu gizani kwa kupapasa.

Karne ya 13, wacha Mungu wa Maharashtra walikutana nyumbani kwa Gora. Alikuwepo Dnyaneshwar, kijana mdogo, na dada yake Muktabai, na Namdev mshona nguo. Huyu Namdev, wanasema, alikuwa akizungumza na Mungu wake Vitthal wa Pandharpur uso kwa uso, na Vitthal akila chakula mkononi mwake. Muktabai akaona kibao cha mfinyanzi, akauliza ni cha nini. Gora akasema, nagongea vyungu, nijue kipi kimeiva motoni na kipi kibichi. Muktabai akamwambia, hata sisi ni vyungu, hebu tugonge. Gora akapita akiwagonga vichwani mmoja mmoja, nao kimya. Alipofika kwa Namdev, Namdev akafoka. Gora akasema, hiki kibichi.

Namdev akakimbilia Pandharpur kushtaki kwa Vitthal, na Mungu akamjibu: wamesema kweli, huna guru. Akamwelekeza kwa mzee Visoba Khechar. Namdev akamkuta hekaluni amelala, miguu kaiweka juu ya linga, ile alama takatifu ya Shiva. Akamkemea. Mzee akamwambia, mimi mgonjwa na mzee, mwanangu, ninyanyulie hii miguu uiweke mahali ambapo Mungu hayupo. Namdev akaihamisha huku, linga ikachomoza. Akaihamisha kule, ikachomoza. Hapo ndipo alipoiva.

Mimi nilimuuliza Aji: mtu anayekula na Mungu, guru wa nini tena? Akacheka mpaka dengu zikamwagika. Akasema Namdev alikuwa na Mungu wa Pandharpur tu, akitoka pale hana. Ilibidi apatikane mtu wa kumvunjia hilo, na Mungu mwenyewe hakutaka kuifanya kazi hiyo. Kumpenda Mungu ni rahisi, mwanangu, Yeye habishani nawe. Mtu anayekugonga kichwani na wewe ukafoka ndiye anayekuonyesha ulipo.

Kwa hiyo ile miguu. Kuna beti inayonasibishwa na Kabir, mfumaji wa Banaras, ambayo watoto wa shule huijua kwa moyo. Guru na Govind, yaani Mungu, wamesimama pamoja mbele yangu, nishike miguu ya nani kwanza? Ya guru, kwa kuwa ndiye aliyenionyesha Govind. Wapo wanaosema guru ni Mungu hasa, nao si wachache, sitakuficha. Aji hakuwa hivyo. Guru wake alikuwa karani wa posta, alikufa Aji akiwa bado kijana. Picha yake ilikuwa ukutani karibu na kalenda. Alimnong'oneza mantra, maneno matakatifu ya kurudia-rudia, sikioni siku moja, akapokea nazi na ua, basi. Kila alfajiri Aji aliivuta tasbihi yake ya punje 108 kwa hayo maneno machache. Nilimwomba aniambie ni yapi. Akanijibu, mbegu ukiifukua kila siku kuitazama, itaota lini?

Nilimkumbuka babu yako. Alikuwa mtu wa zikri, mwenye silsila yake kutoka shekhe hadi shekhe, na akipenda kusema asiye na shekhe, shekhe wake ni shetani. Wahindu nao wana mnyororo wao, parampara, na mwenye kupokea mantra huwa amejifunga kwenye mnyororo huo. Imani ni mbali mbali, sikuambii ni kitu kimoja. Ila sikuona ajabu.

Kuhusu swali la pili, mjibu rafiki yako kwa Tukaram, mcha Mungu na mshairi wa Dehu hapo karibu na Pune, karne ya 17. Guru wake alimpata ndotoni. Alikutana naye njiani, akamwekea mkono kichwani, akamwomba samli kidogo ya kulia chakula, na Tukaram akasahau kumpa. Ndiyo hayo tu. Na Dnyaneshwar, aliyeieleza Gita, kitabu chao kitakatifu, kwa Kimarathi mwaka 1290 ili asiyejua Kisanskriti aielewe, guru wake alikuwa kaka yake, Nivruttinath. Basi guru si lazima awe mzee wa kuoshwa miguu.

Sasa la kukuonya kama mama. Mahabharata yenyewe, utenzi wao mkubwa wa kale, haifichi. Drona, mwalimu wa upinde, alimdai Ekalavya, kijana wa msituni ambaye hakuwahi hata kumfundisha, kidole gumba cha kulia iwe ada ya guru, naye akakikata. Wengi humsifu Ekalavya kwa utii. Mimi hadithi hiyo sijawahi kuipenda. Na mwaka 2018 mahakama ya Jodhpur ilimfunga maisha guru mwenye wafuasi tele kwa kumbaka msichana wa miaka 16. Jirani yetu mmoja aliuza bangili zake za dhahabu kwa ajili ya guru aliyekuja na magari mawili. Aji alipopata habari alisema tu, "Wangu alikuja na baiskeli." Guru akikutaka faragha, au akikukataza usimpigie mama yako simu, chukua viatu vyako utoke.

Kwa mwaliko huu, nenda. Vua viatu mlangoni, peleka nazi na maua. Kuinamia miguu si lazima kwako. Unganisha viganja kifuani, inatosha, hakuna atakayenuna. Hata mimi ndivyo nilivyofanya.

Na kabla ya hapo, wiki chache tu, palkhi, yaani machela za mahujaji, zitapita Pune, moja kutoka Alandi na nyingine Dehu, zikielekea Pandharpur kwa miguu, zaidi ya kilomita 200. Usikose. Ndani ya palkhi hakuna sanamu. Kuna paduka za fedha, mfano wa mitalawanda ya bibi zetu, za Dnyaneshwar na za Tukaram. Umati wote ule unafuata viatu vya walimu. Wanawake hubeba mche wa tulsi, mrehani wao mtakatifu, kichwani, wanaume hupiga matoazi, mwendo mzima ni majina mawili, Gyanba, ndiye Dnyaneshwar, na Tukaram. Nirekodie hata dakika moja.

Dnyaneshwar wanamwita Mauli, yaani mama, na njiani huko wanaitana hivyo wote, mzee kwa kijana. Ukisikia mtu nyuma yako anasema "mauli, mauli", usigeuke kumtafutia mama yake. Anaomba umpishe.

Mama yako