Buti za kike za kupandia Rungwe: nichukue ipi kati ya hizi tatu?

SWALI: Shikamoo dada. Naandika kutoka Makambako. Mwezi wa nane mimi na wenzangu wa kikundi tunataka kupanda Mlima Rungwe. Nilipokuwa Mbeya nilipita kwenye mitumba ya Mwanjelwa nikaona buti tatu. Ya kwanza ni ya kiume, ngozi nzito, namba 40. Ya pili ni ya kike, ya kitambaa, namba 39, ina kibandiko cha Gore-Tex. Ya tatu nayo ni ya kike, ya ngozi, namba 39, haijavaliwa hata mara moja, na muuzaji ameishikia bei. Mimi navaa 39. Buti ikiitwa ya kike kuna tofauti ya kweli au ni rangi tu? Na nizijaribu vipi palepale mezani kabla sijatoa hela?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na ile ya tatu, maana naona ndiyo uliyoipenda, na ndiyo inayonitia wasiwasi.

Buti nyingi za mlimani zina tabaka la sponji kati ya soli ya chini na ngozi ya juu. Mara nyingi sponji hiyo ni ya poliuretini. Viwanda huipenda kwa sababu inabeba uzito muda mrefu bila kubonyea. Tatizo lake ni unyevu wa hewani, ambao huivunjavunja kikemia kutoka ndani, polepole. Ikipita miaka kadhaa tangu itengenezwe, aghalabu kati ya mitano na kumi, huanza kumeguka. Na buti iliyofungiwa kabatini huharibika upesi kuliko inayovaliwa, kwa kuwa kutembea hukamua ule unyevu. Sasa fikiria buti ya mtumba ambayo haijavaliwa: imekaa nyumbani kwa mtu Ulaya miaka mingapi kabla ya kutupwa kwenye belo?

Kundi moja nililoliongoza lilikuwa na mama mwenye buti za namna hiyo, hazina hata mkwaruzo. Tukiwa tunashuka kwenye mianzi, soli ya kulia ikaachia kuanzia kisiginoni. Nilipoishika, sponji ilikuwa inapukutika mkononi kama mkate mkavu. Tukaifunga kwa kamba ya mizigo. Ya kushoto nayo haikufika chini salama.

Kwa hiyo fungua kamba, vuta ulimi wa kiatu, utafute kale kalebo kadogo kalikoshonewa ndani. Mara nyingi pana mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kisha bonyeza ubavu wa sponji kwa ukucha. Ikirudi, vizuri. Ikibaki na alama, ikinata, au ikitoa unga, rudisha mezani. Halafu ikunje buti kwa nguvu, uangalie mahali soli inapokutana na ngozi: nyufa nyembambanyembamba ni dalili mbaya, na gundi mpya inayong'aa pembeni inamaanisha fundi ameshaibandika na huko ndani hujui pakoje. Zipo sponji za aina nyingine, EVA, ambazo hazimeguki hivyo, zenyewe huchoka na kubaki bapa. Kwa macho si rahisi kuzitofautisha, basi zipime zote tatu kwa ukucha uleule.

Sasa hili la kike na kiume. Tofauti ipo, na inatokana na kalibu, lile umbo ambalo kiatu hutengenezewa juu yake. Kwa wanawake wengi kisigino ni chembamba ukikilinganisha na upana wa mbele, na msuli wa shavu la mguu hushuka chini zaidi, ndiyo maana buti ndefu ya kiume huweza kukubana shingoni mwa kiatu. Kiwanda kinachojali hutengeneza kalibu ya kike peke yake. Kisichojali huchukua ileile ya kiume, kikaipunguza na kubadilisha rangi. Kwa nje huwezi kujua umekutana na kipi, kwa hiyo mwenye kauli ni mguu wako.

Mguu wenyewe nao una historia. Waliokulia pekupeku au kwa kandambili shambani, kama wengi wetu huku Nyanda za Juu, mbele ya mguu huwa pana. Mwanamke wa namna hiyo akivaa buti ya kike iliyokusudiwa mguu mwembamba, kidole kidogo kinalia kabla ya saa sita. Halafu kuna uzazi: mimba huweza kushusha upinde wa unyayo na kuurefusha mguu, na mara nyingi haurudi ulivyokuwa. Kama namba 39 yako ni ya kabla hujazaa, pima upya.

Upime hivi. Jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa kazi za siku, vaa soksi utakazopandia mlima. Toa soli ya ndani ya buti, iweke chini, usimame juu yake kwa uzito wako wote, kisigino kikae mwisho kabisa. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, sentimita moja au moja na nusu. Pembeni nyama isimwagike nje ya soli. Namba zenyewe usizibishanie sana: kati ya 39 na 40 kuna milimita zisizofika 7 tu, na kwa vipimo vya Marekani namba ya kike huizidi ya kiume kwa moja na nusu kwa mguu uleule.

Baada ya hapo ndipo uvae. Kosa ninaloliona sokoni ni watu kutembea hatua nne kwenye sakafu bapa, wakasema imenikaa. Rungwe, mita 2,960 hivi, haina sakafu bapa. Njia inapanda wima kwenye msitu, mizizi na tope, na kinachotesa miguu ni kurudi. Omba uzivae mpaka kwenye ngazi zozote zilizo karibu, au mteremko wa barabara, ukiwa na begi lenye kilo tano za unga mgongoni. Ukipanda, kisigino kisiinuke ndani ya kiatu, maana hapo ndipo malengelenge huanzia. Ukishuka, vidole visigonge mbele. Piga ncha ya buti kwenye ukingo wa lami mara tatu kwa nguvu ya wastani. Vidole vikigusa, kucha zako zitageuka nyeusi.

Kulinganisha ni hivi: buti ya pili mguu wa kushoto, ya kwanza mguu wa kulia, shuka ngazi. Kisha badilisha. Miguu miwili ya mtu mmoja hailingani, na usipobadilisha utakuwa umelinganisha miguu badala ya viatu. Soksi zilezile, begi lilelile, saa ileile. Ukijaribu moja leo na nyingine wiki ijayo, kumbukumbu itakudanganya.

Kisigino kikiinuka kidogo tu, usikate tamaa mapema. Kaza kamba vizuri juu ya mgongo wa mguu, zizungushe mara mbili zinapokutana ili zisilegee, kisha upande kwenye ndoano za juu. Fundo hilo la katikati linashikilia kisigino nyuma hata kama kiatu ni kipana. Limewaokoa wanawake wengi waliolazimika kuvaa buti za kaka zao. Kisigino kikiendelea kuinuka hata baada ya hapo, hiyo buti si yako.

Kuhusu Gore-Tex: ni utando mwembamba unaozuia maji kuingia na kuruhusu mvuke wa jasho kutoka. Kwenye mtumba huenda umeshatoboka. Mwombe muuzaji beseni, weka karatasi ya chooni ndani ya buti, isimamishe majini, maji yasipite pale ulimi unapoishia kushonwa, subiri dakika kumi. Akikataa, weka nusu ya hela kama dhamana. Lakini ujue pia kwamba maji yakiingilia juu, utando uleule unayazuia kutoka, na buti hukauka polepole sana. Kwa Agosti, msitu ukiwa na umande na tope la kivulini tu, Gore-Tex inasaidia. Ungekuwa unaniuliza habari za Machi, mvua ya Tukuyu ikiwa imeshika, ningekwambia vaa gambuti kama wenyeji wa Isongole wanaoingia msituni kila siku, na nisingeona haya.

Soli: tafuta meno marefu, milimita nne au tano, yaliyoachana ili tope litoke, na kisigino chenye ngazi ya kufungia breki. Kibandiko cha njano cha Vibram ni kizuri, soli za Vitale Bramani, mwanzilishi wa chapa hiyo, ziko milimani tangu 1937, ila raba ikizeeka huwa ngumu hata ikiwa ya nani. Uzito nao upime kwenye mizani ya muuza viazi, hatakukatalia. Kila gramu 100 zinazoongezeka kwenye kila mguu hukula karibu asilimia 1 zaidi ya nguvu zako, na buti ya ngozi nzito inaweza kuizidi ya kitambaa kwa gramu 300 kila upande.

Kwa ulivyonieleza, mimi ningeanza na ya pili. Sponji ikirudi ukiibonyeza kwa ukucha, na kisigino kikitulia kwenye ngazi, ichukue, hata beseni likionyesha unyevu kidogo. Mguu uliolowa unavumilika kuliko uliochubuka. Ikibana kidole kidogo, jaribu ya kwanza kwa lile fundo, ukikubali uzito wake. Ya tatu iache, isipokuwa kalebo kake kaonyeshe mwaka wa karibuni.

Ukishanunua, zivae kazini na sokoni majuma mawili, kisha siku moja uje Mbeya uzipandishe Loleza, huo mlima ulio nyuma ya mji. Ni mita 2,656 na mteremko wake unatosha kukuambia ukweli huku nyumbani kukiwa karibu. Na kucha za miguu uzikate siku mbili kabla ya Rungwe, si asubuhi ya safari.