Maswali ya wasomaji: madini ya chuma kwa mama na mtoto mchanga

SWALI: Nilijifungua wiki tano zilizopita. Ni mtoto wangu wa kwanza, alitimiza miezi yake na alizaliwa na kilo 2.9. Nikiwa na ujauzito wa miezi minane nilipimwa damu ikaonekana ni 9.4, nikapewa vidonge vya FEFO (chuma na asidi ya foliki, vitamini inayosaidia kutengeneza damu), lakini niliviacha kwa sababu ya kichefuchefu na choo kuwa cheusi. Mama mkwe, ambaye ndiye anayenihudumia katika uzazi huu, ananihimiza ninunue dawa ya maji ya kuongeza damu nimpe mtoto, kwa kuwa anaamini maziwa yangu hayana nguvu. Je, nimpe? — Mama wa mtoto mmoja, Mbagala

JIBU: Hongera kwa uzazi, mama. Usimpe mtoto dawa hiyo kabla hajapimwa, na sababu zake nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa mama mkwe wako anashauri kwa upendo na anastahili kujibiwa kwa hoja.

Katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea zaidi akiba ya chuma aliyozaliwa nayo, ambayo sehemu kubwa aliichukua mwilini mwako katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Aliyetimiza miezi yake huzaliwa na wingi wa damu, yaani kipimo kile ambacho kwako kilikuwa 9.4, unaozidi wa mama yake. Wingi huo hushuka taratibu, hadi kufikia kiwango cha chini kabisa akiwa na umri wa miezi miwili hivi, na hali hiyo ni ya kawaida. Chuma kilichokuwa ndani ya chembe nyekundu zinazokufa hakitupwi, bali mwili hukihifadhi na kukitumia tena, na ndiyo maana akiba hiyo humtosha mtoto kwa miezi minne hadi sita. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, chini ya miligramu 1 kwa lita, lakini hicho kidogo hufyonzwa vizuri, na kiasi chake hakibadiliki sana hata damu ya mama ikipungua. Maziwa yako, basi, hayana kasoro. Endelea kumnyonyesha bila kumpa kitu kingine mpaka atimize miezi sita.

Hata hivyo, kwa kuwa damu yako ilikuwa pungufu, huenda akiba yake si kubwa kama ya watoto wengine. Mweleze muuguzi wa kliniki jambo hilo na umwonyeshe kadi yako, ili aamue mtoto apimwe lini. Ataangalia pia viganja vya mtoto, ambavyo hupauka damu inapopungua sana. Ukiona viganja vimekuwa vyeupe, au mtoto ananyonya kwa shida, au anapumua kwa kasi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu dawa ya dukani, tuna funzo la hapa hapa nchini. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Pemba, wakati malaria ikiwa imeenea sana huko, kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi chini ya miaka mitatu. Waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku, bila kuchagua nani ana upungufu, waliugua sana, wakalazwa au kufariki kwa wingi kuliko wenzao, na utoaji wa chuma ukasitishwa. Uchunguzi wa kundi dogo ndani ya utafiti huo ulionyesha kwamba wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Kipimo ndicho kinachotofautisha mtoto wa kusaidiwa na mtoto wa kudhuriwa, na kwenye kaunta ya duka la dawa kipimo hicho hakifanyiki.

Anayenitia wasiwasi zaidi katika barua hii ni wewe. Mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya 11, nawe ulikuwa na 9.4, ukaacha vidonge, kisha ukapoteza damu wakati wa kujifungua. Nenda ukapimwe wiki hii. Shirika la Afya Duniani linashauri vidonge vya chuma viendelee kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua mahali ambapo upungufu wa damu kwa wajawazito ni tatizo kubwa, na hapa kwetu ni hivyo. Choo cheusi kinachotokana na vidonge hivyo hakina madhara. Kichefuchefu hupungua ukimeza kidonge usiku baada ya kula, kwa maji au juisi ya machungwa, si kwa chai wala maziwa, kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa. Kula dagaa, nyama kadiri mfuko unavyoruhusu, maharage, na mchicha au matembele uliyokamulia ndimu. Juisi nyekundu zinazosifiwa kuongeza damu zinywe kama kinywaji tu, na kama ulizoea kula udongo ukiwa mjamzito, uache kabisa.

SWALI: Mwanetu alizaliwa na wiki 33, kilo 1.7. Hospitali wametupa matone ya chuma, lakini majirani wanasema mtoto mchanga hapewi. Tuwasikilize nani? — Baba, Tabata

JIBU: Wasikilizeni waliompima. Mwanenu alizaliwa akiwa hajamaliza kukusanya akiba ile niliyomweleza mama wa Mbagala, na yeye hukua haraka kuliko akiba hiyo ndogo inavyoweza kumudu. Watoto wa namna hii kwa kawaida hupewa miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa hiyo dozi hubadilika kadiri anavyoongezeka uzito, na msikose tarehe za kurudi kliniki. Pimeni matone kwa bomba mlilopewa hospitali, si kwa kijiko cha chai, na chupa ikae juu kabisa mahali ambapo watoto wengine wa nyumbani hawafiki, kwa sababu chuma kingi kikinywewa kwa mkupuo ni sumu inayoweza kumuua mtoto.