Beetle yangu mkia unatoka nikikanyaga breki

SWALI: Fundi sasa, nina Beetle ya 1970 aliyoniachia mzee, ilikuwa breki za dramu kote nikafungiwa za diski mbele na nyuma, za nyuma kalipa (ile kitu inabana pedi kwa diski) tulitoa kwa gari ingine kubwa. Juzi kumenyesha, nikashika breki nikiingia raundabauti mkia ukataka kunipita. Naambiwa niweke tu vali ya kupunguza presha ya nyuma na yataisha, ni kweli? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Poa kaka. Vali inasaidia ila usianzie hapo. Ukishika breki uzito unakimbilia mbele, hata kwa Beetle yenye injini nyuma, so tairi za nyuma zinabaki nyepesi na zikiloki kwanza, yaani zikigoma kuzunguka, gari inageuka mkia mbele, za mbele zikitangulia usukani hausikii lakini angalau unaenda mbele ukiwa umenyooka. Na kama kwa maji tayari mkia unatoka, kwa lami kavu itakuwa mbaya zaidi, juu pale breki inashika kwa nguvu na nyuma inazidi kuwa nyepesi.

Fungua upime pistoni za kalipa, mbele na nyuma. Pistoni ya milimita 38 inasukuma karibu asilimia 25 zaidi ya ile ya 34 kwa presha ile ile, na wewe kubwa umeiweka nyuma! Ningekuwa mimi ningerudisha dramu nyuma. Volkswagen wenyewe walipoipa Beetle 1500 diski mwaka 1966 waliweka mbele tu, halafu ukirudisha dramu hendibreki yako inarudi bila kuhangaika na kebo.

Ucheki masta silinda pia, ile inasukuma mafuta ya breki ukikanyaga, kama ni ile ya dramu huenda ina kavali kanakobakisha presha kwa paipu, kwa diski pedi zitakuwa zinasugua tu mpaka zichemke.

Ukishapanga hizo na bado nyuma inatangulia, hapo sasa funga vali kwa paipu ya nyuma. Kumbuka inapunguza tu, haiongezi. Anza presha ya nyuma ikiwa chini kabisa, tafuta uwanja mtupu wa lami kavu, 40 hivi kwa saa, rafiki asimame mbali kando aangalie ni tairi gani inaloki, uongeze kidogo kidogo mpaka nyuma ikaribie kuloki pamoja na mbele kisha upunguze kiasi. Usiseti kwa maji pekee, itakudanganya. Na ukibadilisha tairi ama pedi unaseti upya.