Jibu: Galoni 200 kwa mwaka, nani anazimaliza?

Ndugu, umeuliza kama wanaopika bia nyumbani huku Marekani kweli wanakunywa galoni 200 kwa mwaka. Hapana. Hicho ni kikomo cha sheria ya shirikisho iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978: galoni 100 kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, 200 (kama lita 757) wakiwa wawili au zaidi. Kuuza ni marufuku.

Mpiko wa kawaida ni galoni 5, karibu lita 19. Kufikia kikomo ungepika mara 40! Mimi napika mara moja kwa mwezi, jumla lita 228 hivi, na nusu nawagawia majirani. Kinachonizuia kuongeza ni kuosha chupa: kila mpiko unataka chupa 50 safi kabisa, la sivyo bia inachacha.