Injini ya Honda kwa giaboksi ya Beetle: ni kweli bagi (gari jepesi la mchangani) hurudi nyuma?

Kweli, ila si Honda zote. Injini za familia ya D na B, zile za Civic za miaka ya 90, huzunguka kinyume cha saa ukizitazama upande wa puli. Ya Beetle huzunguka kwa mwendo wa saa. Ukifunga hivyo hivyo utapata gia nne za kurudi na moja ya kwenda, watoto wakucheke mchangani. Dawa ni kufungua giaboksi na kugeuza krauni ya difu (gia kubwa ya duara inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) upande wa pili. Honda za familia ya K hazina shida hiyo.

Mimi hapa Mombasa ningesaka injini ya Subaru, familia ya EJ, yazunguka sawa na Beetle. Rejeta lazima, na bamba la kuunganishia injini na giaboksi lichongwe kwa leithi: likienda upande kidogo tu, shafti ya giaboksi italiwa.